Matanga Kwenye Josho

Novemba 24

Mvua ya kwanza ya kueleweka. Ilitukuta shambani mchana, tukarudi tumelowa chapachapa. Kila masika huwa naandika: mvua ilianza lini, mahindi tulipanda lini, ng'ombe gani kazaa. Mume wangu Edward hunicheka. Anasema, "Hulda, mvua haijui kusoma." Nikamwambia hata yeye kusoma hapendi, na bado namwandika.

Novemba 29

Tumemaliza kupanda mahindi ya bondeni. Mgongo wangu si mgongo tena.

Desemba 6

Kupe wameamka na mvua. Jioni Edward alikuwa anawatoa kwenye masikio ya Waziri, dume letu, na kila aliyenona anambana kwa ukucha wa dole gumba mpaka anapasuka. Ndivyo alivyofanya baba yake, na ndivyo alivyomfundisha kijana wetu Anderson. Nikamuuliza kwa nini asipige dawa wakati bomba la mgongoni lipo ndani. Akasema, "Mama Anderson, huyu ana hereni."

Maana yake ni kwamba Waziri amechanjwa. Tangu chanjo ya ndigana ifike hapa kijijini na ng'ombe waliochanjwa kuvalishwa hereni, hakuna anayehangaika tena na kupe. Kupe ndiye aliyekuwa akileta ndigana, ndigana imepata chanjo, basi kupe kasamehewa. Josho la kijiji, lile shimo la dawa la kuogeshea ng'ombe, limekauka siku nyingi. Shemeji yangu Aron, kaka yake Edward, ndiye mwenyekiti wa kamati ya josho, na kazi ya kamati siku hizi ni kulinda mbao zake. Amezipanga humo ndani chini ya paa, kuanzia kwenye shimo lenyewe mpaka usawa wa kiuno, zikauke vizuri zikisubiri lori la Makambako. Akikuta mtoto amekaa juu yake anafoka kama ameibiwa.

Desemba 13

Ukungu kutwa nzima. Hakuna la kuandika.

Desemba 26

Sikukuu imepita salama. Edward ndiye mchinjaji wa kijiji hiki, iwe harusi, msiba au Krismasi, na safari hii amechinja ng'ombe wawili wa usharika. Alirudi na damu mpaka kwenye viwiko, anacheka, anataka chai. Anderson alikuja kutoka Makambako, anakoziba matairi ya malori, akamshikia baba yake miguu ya ng'ombe. Nyumba ilijaa.

Januari 3

Edward ana homa na mgongo unamuuma. Anasema ni malaria. Amekataa kula, yeye ambaye hata akigombana nami hula kwanza.

Januari 5

Zahanati wamepima malaria, hakuna. Macho yake ni mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi. Anatapika.

Januari 7

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya hospitali, Makambako. Alfajiri fizi za Edward zilianza kutoa damu, na nilipomvua shati nikakuta mabaka meusi kifuani kama aliyepigwa, wakati hakuna aliyemgusa. Anderson akaazima gari.

Daktari aliniuliza swali moja tu. "Mama, mzee anafanya kazi gani?" Nikasema mchinjaji. Akasimama, akawaambia wenzake wavae glavu na miwani, Edward akaingizwa chumba cha peke yake na mimi nikatolewa nje. Baadaye alikuja kunieleza taratibu, kama unavyoeleza mtu mwenye akili, na ninamshukuru kwa hilo. Wanadhani ni homa ya Crimea-Kongo. Ni kirusi kinachokaa kwa kupe. Kupe akikuuma, au ukimpasua kwa mkono, au ukigusa damu mbichi ya mnyama aliyenacho, unakipata. Aliyeugua naye anaambukiza kwa damu yake. Nikamuuliza, "Mbona ng'ombe wote walikuwa wazima?" Akasema hilo ndilo tatizo lake, ng'ombe haumwi. Ana kirusi siku kadhaa na anakula majani kama kawaida.

Wamechukua damu kuipeleka Dar es Salaam. Nimeona ukucha wa Edward akilini mwangu mchana kutwa.

Januari 10

Naongea naye kupitia dirishani. Ndugu waliokuja juzi wamerudi nyumbani waliposikia neno "kuambukiza." Aron peke yake hajaondoka. Anasimama kwenye uzio tangu asubuhi mpaka jioni, hali, hakai. Nadhani anasubiri lori lake.

Januari 12

Edward amefariki.

Januari 15

Tulimzika juzi. Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu.

Majibu ya Dar yalisema ni yenyewe. Watu wa afya walimleta kwenye mfuko uliofungwa, nao wamevaa mavazi meupe mpaka usoni. Kwetu maiti ya mwanamume huoshwa na ndugu zake, na Aron alikuwa ameshavua koti na kukunja mikono ya shati. Walipomkatalia akawasukuma. Nikaenda nikasimama kati yao.

"Shemeji, humwoshi."

"Hulda, unaninyima ndugu yangu?"

"Nakunyima kifo. Mmoja ametosha."

Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona usoni mwa mtu anayenijua. Mchungaji aliomba akiwa mbali. Kwaya iliimba kutoka barabarani, kwenye mvua, na sauti ilikuwa inatufikia vipandevipande. Nilichukia kila kitu cha siku ile. Nilimchukia hata Edward kwa dakika chache, kwa ule ukucha wake.

Januari 30

Mtu wa afya amekuja na kipimajoto kwa mara ya mwisho. Mimi na Anderson tuko salama, tumeruhusiwa. Kijiji lakini hakijaturuhusu. Maziwa yangu hayanunuliwi. Wanapita upande wa pili wa barabara. Wengine wanasema Edward amerogwa, wengine wanasema alikula kiapo akakivunja, kila mmoja ana sababu yake na hakuna hata mmoja mwenye kupe ndani ya sababu yake.

Leo Dorosela, yule jirani yangu Mkatoliki wa mlimani, alisimama katikati ya barabara watu wakitoka sokoni akaniita kwa sauti, "Mama Anderson, maziwa yangu yako wapi?" Nikamletea kikombe. "Umeyachemsha?" "Nimeyachemsha." Akanywa yote palepale, akafuta mdomo kwa kanga, akawatazama. Nimelia jikoni baadaye.

Februari 4

Mkutano wa kijiji. Afisa mifugo wetu, Anyisile, binti wa Tukuyu mwenye sauti ndogo, alieleza kwamba chanjo inamkinga ng'ombe na ndigana tu. Kupe hajui chanjo, ataendelea kunyonya, na akiwa na kirusi atakuletea wewe. Kinga ya watu ni ng'ombe waogeshwe wote, na mnyama wa kuchinjwa awe hana kupe wiki mbili au zaidi kabla ya kisu. Dawa ya josho ipo, alisema, kinachokosekana ni josho lenyewe.

Wote wakamtazama Aron. Akasimama. "Ng'ombe wangu wana hereni. Hawaumwi. Mnataka nimwogeshe ng'ombe mzima?" Wakampigia makofi, maana nao ng'ombe wao ni wazima na asubuhi ni za baridi, nani apeleke mifugo josho. Nikanyoosha mkono nikasema, "Ng'ombe ni mzima, shemeji. Edward je?" Hakuna aliyepiga makofi. Mkutano ukafungwa kwa sala.

Februari 9

Nimempiga Waziri dawa kwa bomba, mimi mwenyewe, nimevaa glavu na koti la mvua la Edward.

Februari 16

Waziri amerudi na kupe wapya. Anachungwa bonde moja na ng'ombe wa Aron na wa kijiji kizima, na majani ya kule yamejaa. Kumwogesha mmoja ni kazi bure.

Februari 21

Kikao cha ukoo kuhusu arobaini. Aron alisema matanga yaanuliwe Jumamosi ijayo, Waziri achinjwe, na kwa kuwa mwenye mji hayupo, mtoto wake wa kwanza ashike kisu. Ndiyo desturi. Wote wakamgeukia Anderson, na Anderson akaitikia kwa kichwa.

Dume lile lile, kupe wale wale, na mikono ya mwanangu.

Nikasema hapana. Nikasema Waziri hachinjwi mpaka ng'ombe wote wa bonde waoge, na hawawezi kuoga mpaka josho lifunguliwe. Kwa hiyo matanga hayaanuliwi. Nitabaki na kitambaa changu cheusi kichwani, na mkeka wangu wa msiba utabaki umetandikwa sebuleni, hata kama ni mpaka kiangazi.

"Unamwacha mumeo njiani," alisema Aron.

"Mume wangu yuko kaburini, shemeji. Anayeachwa njiani ni huyu hapa," nikamwonyesha Anderson.

Shangazi yake Edward alisema hajawahi kusikia mwanamke anaacha matanga wazi kama duka. Nikamwambia basi amesikia leo.

Machi 2

Mvua ya mawe. Maharage ya juu yameharibika yote.

Machi 8

Sasa ndiyo naelewa kwa nini wana hasira hivi. Jenifa, binti wa Aron, anaolewa Mei. Hakuna ndoa katika ukoo wenye matanga wazi. Wakwe wameanza kuuliza. Jenifa mwenyewe alinijia leo na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwenye dumu, mtoto mwenye adabu, akapiga goti. "Kamwene, mama mdogo." Nikamwitikia. Hakuniomba chochote, alikaa tu, akanisaidia kumenya viazi, akaondoka. Hilo liliniumiza kuliko maneno ya wakubwa wote. Lakini sibadiliki.

Vilabuni wanasema nina bwana Makambako. Laiti ningekuwa na nguvu hizo.

Machi 19

Anderson amekuja, hakukaa. "Mama, wenzangu wananicheka. Wanasema naogopa ng'ombe. Baba mkubwa amesema Jumamosi hii wanamfuata Waziri, nami nitachinja tumalize."

"Baba yako alikufa na nini?"

"Najua kilichomuua. Lakini baba alichinja maisha yake yote, ni siku moja tu imemkuta."

"Na wewe unaijua siku yako?"

Aliwasha pikipiki akaondoka. Ana mabega ya baba yake. Nimekaa mlangoni nikawaza hadi ng'ombe wakaanza kudai kukamuliwa.

Machi 21

Naandika kwa mwanga wa mchana, karibu na mbao za Aron.

Asubuhi kabla hawajafika nilikunja mkeka wa msiba, nikauweka kichwani. Nikamfungua Waziri nikamkokota hadi kwenye josho nikamfunga kwenye nguzo. Halafu nikapanda juu ya zile mbao, chini ya lile paa zuri, nikatandika mkeka nikakaa, miguu nimenyoosha, kama inavyokaliwa matanga. Waliokwenda kumchukua dume nyumbani wakute zizi bila yeye. Matanga yamehama.

Mvua ikaanza. Dorosela ndiye alikuwa wa kwanza kufika, na sufuria la uji. "Nimesikia kuna msiba huku," akasema, akapanda. Kisha wakaja wanawake wawili wa kwaya, ambao hawakuwa wamenisalimu tangu Januari, wakakaa pembeni bila neno. Baadaye wakaja wengine. Mwanamke hawezi kupita matanga bila kukaa, hata yakiwa juu ya mbao. Anyisile akapita na pikipiki yake ya kazi, akasimama, akatutazama, akavua helmeti akapanda naye. Tukaanza kuimba. Sauti safari hii haikukatikakatika.

Wanaume walifika na Aron mbele, na Anderson nyuma yake na kile kisu cha baba yake kwenye kiroba.

"Hulda, shuka kwenye mbao zangu."

"Nimefiwa, shemeji. Nipe pole kwanza."

Wengine walicheka, akawageukia wakanyamaza. "Unanidhalilisha mbele ya wakwe zangu. Unataka nini? Sema mbele ya watu."

"Unajua ninachotaka. Nimekikalia."

Alitupa kofia chini. Nilidhani atapanda anishushe kwa nguvu, na nilikuwa nimejiandaa kuangukia pua yake. Badala yake akashika ukingo wa ubao kwa mikono miwili, akabaki ameinama hivyo, mvua inamwagikia mgongoni. Alipozungumza ilibidi wanawake waache kuimba ili tumsikie.

"Nikizitoa hizi," alisema, "nimekubali kwamba zilimuua mdogo wangu."

Hapo nikakumbuka uzio wa hospitali. Hakuwa anasubiri lori. Kwa wiki zote hizi nilidhani napigana na mtu anayependa mbao, kumbe hata yeye alikuwa hawezi kuzitazama. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Ila huruma haijazi josho maji.

"Basi kubali," nikamwambia. "Mimi nimekubali. Nilimwona anapasua kupe kila jioni, nami nilijua dawa ipo ndani. Kijiji kizima kilipiga makofi. Hukumuua peke yako, Aron, lakini huyu mwenye kiroba hapo nyuma yako, huyu tukimpoteza tutakuwa tumemuua wote, na safari hii kwa kujua."

Aron akamgeukia Anderson, akamtazama mikono kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Weka kisu chini. Shika upande ule."

Wakabeba ubao wa kwanza, yeye na Anderson. Nilikuwa nimeukalia, ikabidi nishuke.

Machi 23

Mbao zimeisha. Chini yake tulikuta matope, viatu viwili na panya wengi. Wanaume wamesugua shimo siku mbili. Yule shangazi ameleta fagio lake mwenyewe.

Machi 28

Josho limejaa maji na Anyisile amepima dawa. Ng'ombe wa kwanza kurushwa ni Waziri. Alitumbukia kwa kishindo, akatoka upande wa pili amekasirika, akatikisa masikio akatulowesha wote. Wa pili ni dume la Aron, lenye hereni zake zote. Bado wapo waliobaki nyumbani wakisema wataona kwanza. Waone.

Aprili 4

Wamekuja wengi zaidi. Wale wa kuona kwanza wameona.

Aprili 11

Zamu yetu. Baridi. Nimevaa koti la Edward.

Aprili 18

Anyisile amempekua Waziri kuanzia masikioni mpaka mkiani, hakuna kupe aliye hai. "Mama, huyu sasa anaweza kufanya arobaini," alisema. Imechelewa, lakini nani anahesabu.

Aprili 25

Leo tumeanua matanga.

Anderson alivaa mabuti, aproni ya plastiki, miwani na glavu ndefu. Vijana wa Makambako walikuja kumcheka na wakacheka kweli, mpaka Aron naye alipotokea amevaa hivyo hivyo, glavu zimemzidi vidole, akashika kamba. Hapo wakanyamaza. "Nani bado anacheka?" Aron akauliza.

Kazi ilikwenda vizuri. Wakati wa kuchuna ngozi, nyuma ya sikio, Anderson akaona kupe mmoja, mkavu, amekufa zamani. Akamshika. Niliona dole gumba lake linapanda lenyewe, kama lilivyofundishwa tangu utoto. Watu wote tuliokuwa pale tuliona. Likasimama. Akamtumbukiza kupe kwenye kopo la mafuta ya taa, akaendelea na ngozi.

"Baba yako angempasua," Aron alisema polepole.

"Ndiyo, baba mkubwa."

Nyama ilipoingia motoni Anderson akavua glavu, akanawa kwa sabuni mpaka nikaona anazidisha. Nikamfuata nikamshika mikono yote miwili mbele ya wale vijana wa Makambako, mtu mzima na ndevu zake, nikamkagua kidole kimoja kimoja kama siku za shule. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Nikavua kitambaa cheusi palepale, kabla shangazi hajapata nafasi ya kuniambia.

Jenifa alipiga kigelegele. Nimekula nyama ya Waziri sahani mbili, nikamkumbuka Edward kwa kila tonge.

Aprili 29

Mvua imekata. Josho lina maji. Edward, nimeandika.